Kamera ya filamu hupimwa kwa mkono, si kwa jina

KABONGA. Ikifika saa kumi jioni kwenye mwambao huu wa kusini mwa Burundi, jua huwa limeelekea milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Maji hung'aa kama bati jipya. Mtu akilipa ziwa mgongo ili apigwe picha, nyuma yake huonekana weupe mtupu na uso wake hubaki giza.

Mwenye simu hugusa uso kwenye kioo na mambo yakaisha. Mpiga picha wa enzi za filamu hakuwa na njia hiyo. Alikuwa na mkanda wa picha 36, na kila picha iliyoharibika ilikuwa hasara aliyoijua siku kadhaa baadaye, mkanda ukisharudi kutoka kusafishwa na mteja akisubiri bahasha yake. Kamera kwake ilikuwa zana ya kazi kama nyavu kwa mvuvi. Ikiuchosha mkono au ikichelewa sekunde mbili, riziki imepita.

Kamera hizo sasa zimerudi kuwa bidhaa. Katika miji mingi ya Ulaya, Marekani na Asia, vijana waliokulia kwenye simu wameanza kupiga picha kwa filamu. Mwaka 2024 kampuni ya Pentax ilitoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17, baada ya miaka mingi ya kuachana na biashara hiyo. Lakini hiyo ni kamera ndogo ya mfukoni. Kamera za SLR, zile ambazo mpiga picha huchungulia kupitia lenzi ileile inayopiga picha, hazitengenezwi tena na kampuni kubwa za Japani. Canon ilitangaza mwisho wa mauzo ya EOS-1V mwaka 2018 na Nikon ikasitisha F6 mwaka 2020. Anayetaka SLR ya filamu leo karibu kila mara atanunua mtumba.

Kwa mfanyabiashara anayepita Kabonga na Kagunga, Rumonge na Kigoma, hapo ndipo penye swali la mtaji. Kamera ya zamani inaweza kutoka kwenye kabati la marehemu, kwenye studio iliyofungwa au kwenye furushi la mitumba. Nyingi zina majina makubwa mbele. Jina peke yake halisemi ipi bado inafanya kazi, ipi mnunuzi ataifurahia akiishika, na ipi itamfia mwenye mali begani.

Ufukwe unaoijua kamera

Boti inayotoka Kagunga kuelekea Kigoma hupita mbele ya milima ya Gombe. Abiria wengi huitazama kama alama ya safari tu, ila ni moja ya sehemu zilizopigwa picha zilizosambaa sana duniani.

Jane Goodall alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Mwaka 1962 jarida la National Geographic lilimtuma mpiga picha Hugo van Lawick, Mholanzi aliyezaliwa Indonesia, na picha zake zikatoka pamoja na makala ya Goodall katika toleo la Agosti 1963. Goodall naye alitumia kamera. Katika picha moja inayofahamika sana, aliifunga kamera kwenye tawi la mti na kujipiga mwenyewe akiwa anatazama bonde.

Kazi ile ilikuwa na shida ambazo mpiga picha yeyote wa mwambao huu anazifahamu: miinuko mikali, unyevu, mvua, na mnyama mweusi aliyekaa kwenye kivuli huku majani yaking'aa pembeni yake. Kila gramu ilibebwa kwa miguu. Kila sekunde iliyotumika kutafuta pete ya kuzungusha ilikuwa sekunde ya sokwe kuondoka.

Kwa hiyo mazungumzo kuhusu namna kamera inavyokaa mkononi hayakuanza leo. Kwa wanaoitumia kwa kazi, hilo ndilo la kwanza.

Mikono miwili, kazi tofauti

Ndani ya SLR kuna kioo kilichoinama nyuma ya lenzi. Kioo hicho hurusha taswira juu, kwenye kipande cha kioo chenye pembe nyingi, hadi kwenye dirisha la kuchungulia. Kitufe kikibonyezwa, kioo huruka juu, shata hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, mwanga huigusa filamu, kisha kioo hurudi chini. Yote hayo yana uzito, sauti na mtikisiko, na mkono ndio unaoyabeba.

Karibu kamera zote za aina hii zimetengenezwa kwa mgawanyo mmoja wa kazi. Mkono wa kushoto hukaa chini ya lenzi, huubeba uzito na kuzungusha pete za ukali wa picha na tundu la mwanga. Mkono wa kulia hubonyeza kitufe, huvuta wenzo wa kusogeza filamu na kubadilisha spidi ya shata.

Mgawanyo huo haukuwa lazima. Exakta ya 35mm, iliyotoka Dresden, Ujerumani, mwaka 1936, iliweka kitufe na wenzo upande wa kushoto. Ilipendwa kwa miongo kadhaa, lakini watengenezaji wengi waliofuata walichagua upande wa kulia, na mtu wa mkono wa kushoto akabaki kujizoesha.

Afrika Mashariki ina mfano mzito wa jambo hili. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, ndiye aliyepiga filamu za televisheni za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizoishtua dunia. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimfanya apoteze mkono wa kushoto, ule unaobeba lenzi. Alirudi kazini na mkono wa bandia na kuendelea hadi Novemba 1996, alipofariki katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka karibu na visiwa vya Comoro. Kifaa kilichotengenezwa kwa mikono miwili, yeye alikifanyia kazi kwa mmoja na wa bandia.

Kamera sita kwenye begi moja

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara amefika Kigoma kuuza mafuta ya mawese ya Rumonge. Kabla ya kurudi, anaoneshwa begi lenye kamera sita: Zenit-E, Praktica MTL 3, Pentax K1000, Canon AE-1, Olympus OM-1 na Nikon FM2. Mwenye begi anataka kuziuza zote kwa bei moja ya jumla. Aanze wapi?

Aanze kwa kuzishika moja moja.

Zenit-E ni ya Kisovieti, ilianza kutengenezwa miaka ya 1960 na kuuzwa kwa mamilioni. Ikiwa na lenzi yake inakaribia kilo moja, na baada ya saa nzima ya sherehe shingo hujua. Dirisha lake la kuchungulia ni hafifu. Lenzi yake ya kawaida, Helios 44-2, humtaka mpiga picha aangalie tundu likiwa wazi, kisha alifunge kwa pete kabla ya kubonyeza; akisahau, picha imeungua. Kwa bibi harusi aliyesimama inawezekana. Kwa mtoto anayekimbia, ni taabu. Spidi zake ni tano tu, kuanzia 1/30 hadi 1/500 ya sekunde, ukiacha ile ya kushikilia. Sifa yake ni kwamba haihitaji betri hata moja.

Praktica MTL 3 ya Ujerumani Mashariki, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, nayo ni nzito, lakini ina jambo la pekee: kitufe cha kupigia kiko usoni mwa kamera, kimeinama. Badala ya kubonyeza kuelekea chini, mtu huminya kuelekea kwake, kama anayekamua ndimu. Wanaoipenda husema kamera haiinami wakati wa kupiga. Aliyezoea kitufe cha juu hukitafuta kwa kidole na kukikosa. Kupima mwanga nako kunadai kubonyeza kitufe kingine kilicho karibu, na wakati huo taswira hufifia machoni.

Pentax K1000 iliuzwa kuanzia 1976 hadi 1997 na zaidi ya milioni tatu zilitengenezwa. Mwili wake una gramu 620 hivi. Haina mambo mengi: spidi juu kulia, tundu kwenye lenzi, na sindano moja ndani ya dirisha. Sindano ikikaa katikati, piga. Mwanafunzi huielewa kwa asubuhi moja, ndiyo maana shule za upigaji picha ziliipenda. Haina swichi ya kuzima kipima mwanga, hivyo kifuniko cha lenzi ndicho swichi. Kikipotea, betri huisha kabatini. Haina pia saa ya kujipigia picha. Za mwanzo zilitengenezwa Japani, baadaye Hong Kong na China. Zilizoandikwa Asahi mbele ni za miaka ya mwanzo, zina chuma zaidi, na wanunuzi wengi huziulizia kwanza.

Canon AE-1 ya mwaka 1976 ilikuwa na kichakato cha kompyuta ndani yake, jambo geni kwa SLR wakati huo. Mpiga picha huchagua spidi, kamera huchagua tundu. Mkono hupumzika na jicho halitoki kwenye dirisha. Ni nyepesi kuliko inavyoonekana kwa sababu kifuniko chake cha juu ni plastiki iliyopakwa rangi ya chuma. Ikianguka haibonyei, hupasuka, hivyo pembe zake zikaguliwe vizuri.

Olympus OM-1 ilibuniwa na Maitani Yoshihisa na kutolewa mwaka 1972 ikiitwa M-1, kisha jina likabadilishwa mwaka uliofuata baada ya kampuni ya Leica kulalamika. Maitani alitaka kupunguza uzito na ukubwa bila kupunguza kazi. Mwili wake una gramu 510 hivi, na bado dirisha lake la kuchungulia ni kubwa kuliko la kamera nyingi zilizoizidi mwili. Pete ya spidi imezunguka sehemu ya kufungia lenzi, hivyo mkono wa kushoto hufanya spidi, tundu na ukali wa picha bila kamera kuondoka jichoni. Mwenye kiganja kidogo huiona kama imekatwa kwa kipimo chake. Mwenye vidole vinene hulalamika kwamba pete zimesongamana.

Nikon FM2 ya mwaka 1982 ndiyo ngumu ya kundi hili. Ina gramu 540, shata yake hufika 1/4000 ya sekunde, na ilitengenezwa hadi mwaka 2001. Kila kitu kinageuka kwa uzito unaotosha, si legevu wala kizito. Ina kero moja inayoonekana siku ya kwanza: ili kipima mwanga kiwake, wenzo wa filamu lazima uvutwe nje kidogo. Anayechungulia kwa jicho la kulia hausikii. Anayetumia jicho la kushoto, wenzo humchoma kwenye paji la uso kila picha.

Tofauti nyingine huwasumbua wanaohama kutoka jina moja hadi jingine. Lenzi ya Nikon hufungwa kwa kuzungusha upande ulio kinyume na wa Canon. Kwa aliyezoea, mikono hukosea gizani na lenzi inaweza kuanguka. Wapiga picha wengi hubaki na jina moja maisha yao yote kwa sababu hiyo, na mfanyabiashara hufaidika akijua mteja wake amezoea lipi.

Uso gizani, ziwa jeupe

Turudi kwenye jua la jioni. Kipima mwanga ndani ya kamera hakijui uso wala maji. Hupima mwanga wote na kutaka picha iwe na wastani wa kijivu. Ziwa likiwa limejaa fremu, hudhani mwanga umezidi, hupunguza, na uso mweusi huzidi kuwa mweusi. Sokwe wa Gombe akijaza fremu, kosa huwa kinyume: kamera hutaka kumfanya kijivu na picha yote hupauka.

Dawa ya zamani ni ileile kwa kamera zote sita. Mpiga picha husogea hadi karibu na uso, hupima hapo, huweka spidi na tundu, kisha hurudi nyuma na kupiga bila kubadilisha kitu. Kwa K1000 na FM2 hiyo ni hatua tatu na kurudi. Kwa Zenit, ambayo kipima mwanga chake kiko juu ya lenzi na hakipimi kupitia kwake, kusogea ni lazima. Canon AE-1 ina kitufe kidogo upande wa kushoto wa lenzi kinachoongeza mwanga kwa hatua moja na nusu. Kidole gumba hukifikia bila kuhama. Ni jibu la haraka, ingawa jioni kali ya ziwani inaweza kudai hatua mbili.

Njia nyingine ni kuujaza uso mwanga wa flashi. Hapo kamera hutofautiana sana. Flashi hufanya kazi vizuri mpaka spidi fulani tu ya shata, na zaidi ya hapo nusu ya picha hutoka nyeusi. Zenit-E huishia 1/30. K1000, AE-1 na OM-1 huishia 1/60. Praktica hufika 1/125. FM2 za mwanzo hufika 1/200 na za baadaye 1/250.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa filamu ya ISO 100 kwenye jua kali, mwanga sahihi ni karibu 1/125 kwa tundu la f/16. Zenit ikilazimishwa kutumia 1/30 kwa tundu hilohilo, mwanga wa jua pekee unazidi mara nne hivi, na ziwa lote litaungua. FM2 huifanya kazi hiyo kwa urahisi. Mpiga picha wa harusi za ufukweni akiuliza kwa nini moja ni ghali kuliko nyingine, jibu mojawapo ni hilo.

Mtego wa betri

Kwenye safari ya ziwa, betri hutenganisha bidhaa na kopo.

Zenit-E hupima mwanga kwa kipande cha seleniamu kinachozalisha umeme wake chenyewe. Tatizo ni umri: seleniamu hudhoofika kwa miaka, na kipimo kinaweza kudanganya. K1000 na FM2 hutumia betri ndogo za aina ya LR44 kwa kipima mwanga tu, zile zinazopatikana kwenye maduka ya saa. Betri ikiisha, shata huendelea kufanya kazi kwa spidi zote. Praktica nayo shata yake ni ya mitambo.

AE-1 ni tofauti. Hutumia betri moja ya volti 6, na bila hiyo haipigi kabisa. Kitufe hubonyezwa, kimya. Muuzaji asiye na betri anaweza kuapa kwamba kamera ni nzima, na mnunuzi hana namna ya kumpinga wala kumwamini. Mwenye nia ya kununua AE-1 asafiri na betri yake mfukoni.

OM-1 ina mtego wa aina nyingine. Ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, na betri hizo ziliondolewa sokoni kwa sababu ya sumu. Ukiweka ya volti 1.5 kipimo hukosea. Wengi hutumia betri za vifaa vya kusaidia kusikia, zenye karibu volti 1.4, japo hazidumu sana. Shata yenyewe haihitaji betri, kwa hiyo kamera bado ni kamera.

Dakika tano kabla ya kutoa fedha

Mafundi wa kamera za filamu wamepungua kila mahali. Ubovu mdogo unaweza kugharimu kuliko kamera. Ukaguzi wa dakika tano hauhitaji filamu wala ufundi.

Kwanza, fungua mlango wa nyuma, elekeza kamera kwenye mwanga na bonyeza kitufe kwa spidi ya sekunde moja. Hesabu kimoyomoyo. Ikifunga mapema sana au ikikwama, mafuta ya ndani yamekauka. Zenit haina spidi hiyo, hivyo sikiliza kama 1/30 na 1/500 zinatofautiana sauti.

Pili, tazama pazia la shata. La Zenit, K1000, AE-1 na OM-1 ni la kitambaa. Mikunjo na vitobo vidogo huacha mwanga upenye na kuweka madoa kwenye kila picha. La FM2 na Praktica ni la chuma. Tafuta alama ya kidole au kipande kilichopinda.

Tatu, bonyeza sponji nyembamba nyeusi zilizo kwenye mlango na chini ya dirisha la juu. Zikigeuka lami na kunata, mwanga utaingia. Hilo linatengenezeka kwa gharama ndogo, ila ni sababu nzuri ya kushusha bei. Kwenye OM-1, sponji iliyooza juu ya kioo cha ndani inaweza kukila. Chungulia, na ukiona doa jeusi lisilotoka, iache.

Nne, toa lenzi na itazame dhidi ya anga. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na unyevu wa mwambao huu huilea vizuri, hasa kamera ikikaa miaka ndani ya mkoba wa ngozi. Lenzi yenye kuvu isiwekwe pamoja na nzima.

Tano, fungua kifuniko cha betri. Unga wa kijani au mweupe ni kutu ya betri iliyovuja. Kwa K1000 ni hasara ya kipima mwanga. Kwa AE-1 inaweza kuwa hasara ya kamera yote. AE-1 isikilizwe pia: ikikoroma kama bawaba kavu kila inapopiga, gia ya kioo imekauka na inahitaji fundi.

Wakati mwingine thamani iko mbele ya kamera. Helios 44-2 ya Zenit inatafutwa na wapiga picha wa kidijitali kwa namna inavyozungusha ukungu nyuma ya uso. Lenzi za Nikon na za Pentax za enzi hizo huingia kwenye baadhi ya kamera za kidijitali za majina hayohayo. Lenzi za Canon AE-1 haziingii moja kwa moja kwenye kamera za EOS zilizofuata. Zenit iliyokufa yenye lenzi safi inaweza kuwa na faida kuliko AE-1 isiyojulikana hali yake.

Anayetafuta bei mtandaoni aangalie kamera zilizokwisha kuuzwa. Bei anayoomba muuzaji ni ndoto yake. Bei iliyolipwa ndiyo soko.

Asili ya bidhaa mpakani

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007 na kuingia kwenye Umoja wa Forodha Julai 2009. Wafanyabiashara wadogo wa Kabonga wanaufahamu utaratibu wa biashara uliorahisishwa: shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na imezalishwa ndani ya Jumuiya, hupata cheti cha uasili mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha.

Mawese, samaki na maharage yana nafasi hapo. Kamera haina. Imetengenezwa Japani, Ujerumani au Urusi, na kukaa miaka 40 kwenye kabati la Kigoma hakuifanyi kuwa bidhaa ya Tanzania. Mfanyabiashara anayedhani thamani ndogo pekee inampa msamaha anaweza kushangaa kaunta ya forodha.

Pia kamera moja iliyoning'inia shingoni mwa msafiri na kamera sita ndani ya begi hazitazamwi kwa jicho moja. Moja inaweza kuwa mali binafsi. Sita ni biashara. Njia salama ni kutamka mzigo, kuwa na risiti ya ununuzi hata ikiwa ya mkono, na kumuuliza ofisa wa forodha kiwango kinachohusika kabla ya kuvuka. Asiye na risiti huachia thamani ikadiriwe na mwingine. Ushuru huo uingizwe kwenye hesabu kabla ya kupatana bei, maana faida ya kamera moja ni ndogo na inaweza kuliwa yote kaunta.

Jambo moja zaidi: kamera isijaribiwe kwa kuielekeza kwenye kituo cha mpaka, bandari, kambi au askari. Majaribio yafanyike sokoni au nyumbani, kwa ruhusa ya anayepigwa picha.

Safarini, ndoo yenye mfuniko unaofunga vizuri huilinda kamera dhidi ya mawimbi kuliko mkoba wa ngozi. Nyumbani, ikae mahali pakavu penye hewa na mwanga kidogo.

Begi la sita likawa la tatu

Turudi kwa mfanyabiashara wetu wa mfano. Amezishika zote, amefungua milango, amehesabu sekunde. K1000 na FM2 anazichukua, kwa kuwa zinafanya kazi hata duka la betri likifungwa, na mnunuzi wa Bujumbura au wa Nairobi anaweza kuzielewa siku hiyohiyo. Zenit anaichukua kwa ajili ya lenzi, kwa bei ya lenzi. OM-1 anaiacha mpaka muuzaji akubali kuteremsha bei kwa sababu ya doa aliloliona dirishani. Praktica anaiacha kwa kuwa hana mteja anayeiulizia. AE-1, yenye jina linalotafutwa kuliko zote na kimya isiyo na betri, anairudisha begini.

Lililobaki ni mkanda mmoja wa majaribio kwa kila kamera kabla ya kuiuza. Picha chache za kila spidi, nyingine kivulini, nyingine juani, na moja ya mwisho jioni ufukweni, mtu akiwa amelipa ziwa mgongo. Mkanda ukisafishwa na uso ukaonekana, bei anayoitaja ataweza kuitetea mbele ya mteja yeyote.